Tonton Niliyemfanya Mlevi

Nilipomaliza masomo kwa mapadri nilijua Kifaransa cha kutosha kuandika barua ya kuomba kazi, hesabu za kutosha kugawa magunia kwa tani, na Kilatini ambacho mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, na kijana mwenye cheti hakukaa muda mrefu bila kazi. Nilichukuliwa bandarini Kisangani, katika ofisi ya meli za mtoni, kuandika hati za mizigo. Kila kikapu cha samaki wa moshi kilichopanda au kushuka kilipita kwanza chini ya kalamu yangu. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya majaribio.

Karani mkuu alikuwa Mwislamu kutoka Maniema, mtu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, na alipenda mwandiko mzuri kama watu wengine wanavyopenda muziki. Alinichagua kwa ajili ya mwandiko wangu. Mwezi wangu wa tano kazini aliinua hati niliyoiandika asubuhi, akaielekeza dirishani, akaigeuza juu chini, kisha akaniuliza taratibu kama niliiandika nikiwa juu ya baiskeli.

Sikuwa juu ya baiskeli. Nilikuwa juu ya glasi moja ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo ambayo serikali iliipiga marufuku na ambayo kila mtaa ulijua nyumba inakopikwa.

Nieleze ilivyoanza. Mimi nafikiri sana. Nikimsalimu mtu asubuhi akaitika nusu, nashinda kutwa nikitafuta nilimkosea nini, na ikifika jioni nimeshapata makosa matatu. Bia ilikuwa kitu cha kwanza kilichoninyamazisha kichwa. Chupa ya kwanza, mawazo yanapunguza sauti. Ya pili, yanakaa chini. Ya tatu, yanaomba ruhusa kurudi nyumbani. Shida ni kwamba asubuhi yalirudi yote, na yalikuja na ndugu zao. Hapo ndipo lotoko ikaingia, glasi moja kabla ya kazi, ili mkono utulie. Ulitulia mpaka saa tatu asubuhi. Baada ya hapo herufi zangu zilianza kutembea.

Siku moja kwa kinyozi, nikiwa nimefungwa shuka shingoni na mashavu yamejaa sabuni, nilimsikia mteja wa kiti cha pili akisimulia habari za jirani yake. Jirani huyo alikuwa analala mtaroni, na sasa anachoma matofali ya nyumba yake. Alisema kuna watu hapa hapa mjini, walioacha bia, wanakutana kila Jumapili na kushikana mkono wasirudi nyuma. Kisha akahamia kwenye mpira. Nilitaka kuuliza wanakutana wapi, lakini nilikuwa na sabuni mdomoni. Ukweli ni kwamba hata bila sabuni nisingeuliza. Kuuliza mahali ni kusema sababu, na sababu ingefika ofisini kwetu kabla ya nywele zangu kufagiliwa.

Nilipanga jambo hilo kwa siku tatu. Ilikuwa lazima niulize kwa niaba ya mtu mwingine. Rafiki hakufaa, kwa maana kila mtu anajua rafiki wa namna hiyo ni nani. Kaka sikuwa naye, na watu walijua. Nikaamua awe tonton, yaani mjomba. Kila mtu ana matonton, nilijiambia, nani anawahesabu?

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Watu wa kwetu hawawahesabu matonton wako kwa sababu wanawajua tayari, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja.

Nilianza kwa sista wa zahanati. Nilimwambia nina tonton anayekunywa sana, je, amesikia habari za wale watu wa Jumapili? Sista hakuwa amesikia, lakini aliuliza tonton ana umri gani. Hamsini, nikasema. Anatapika? Kidogo. Analala vizuri? Nikasema halali, anafikiri sana. Sista akanitazama, akanipa unga wa tumbo, akasema aje mwenyewe. Nilikwenda nao nyumbani, nikaunywa. Ulisaidia.

Kisha nikavuka kwenda kwa mwinjilisti wa Waprotestanti, nikifikiri kwamba huko, kwa kuwa mimi ni Mkatoliki, siri ingekaa. Mwinjilisti alifurahi mno, hata swali la mahali akalisahau. Alitaka jina la tonton ili wamwombee. Sikuwa nimetayarisha jina. Mtu anayefikiri kama mimi, ambaye alikuwa ametayarisha umri, ugonjwa na hata rangi ya kofia, hakuwa ametayarisha jina. Nikasema tu ni papa mmoja, mzee wa kijiji cha Yanonge. Akasema hiyo yatosha, Mungu anamjua. Jumapili mbili mfululizo kanisa zima likamwombea papa wa Yanonge mwenye kiu, tonton wa karani wa bandarini.

Mama yangu ana ndugu mmoja tu wa kiume. Anaishi Yanonge. Ni katekista, na hajaonja pombe katika maisha yake. Hata ndizi zilizoiva kupita kiasi alizitazama kwa mashaka. Yeye ndiye aliyenileta shule Kisangani kwa mtumbwi wake, akipiga kasia dhidi ya maji, huku akinifundisha sala ya kuomba akili.

Sikumkusudia yeye. Naapa. Yanonge ilitoka tu mdomoni kwa kuwa ndiyo kijiji ninachokijua. Lakini kutoka Yanonge wanakuja wanawake wa samaki kila juma, na hati zao za mizigo naziandika mimi.

Wa kwanza aliweka vikapu vyake chini na kunipa pole. Alisema wamesikia habari za tonton wangu, nao siku zote walimwona mtu mzuri. Wa pili aliuliza ilianza lini. Wa tatu, mama mmoja mwenye kitambaa cha manjano, alisema yeye hakushangaa, maana Noeli iliyopita yule papa aliimba kwa sauti isiyokuwa ya mtu mwenye maji peke yake tumboni. Ilikuwa nafasi yangu ya kukana. Nikaanza kufikiri. Nikikana, watauliza kama si yeye ni nani. Nikisema sijui, watauliza kwa nini basi nilikwenda kwa mwinjilisti. Nikisema sikwenda, mwinjilisti mwenyewe ni mteja wetu. Wakati bado nafikiri, mama wa manjano akasukuma hati yake mbele. Nikagonga muhuri.

Jumamosi iliyofuata meli ilitia nanga, na niliponyanyua macho nilimwona tonton kwenye mstari. Alikuwa na mwavuli, begi la turubai, na kofia ya kwenda misa. Watu wanane walikuwa mbele yake. Hakumpita hata mmoja, kwa sababu ni mtu wa kufuata taratibu. Watu wanane ni muda mrefu wa kufikiri, na niliutumia wote. Nilipanga kumwambia kila kitu alipobaki mtu wa tano. Nikaahirisha mpaka wa tatu. Zamu yake ilipofika nilikuwa sina hata salamu.

"Mutoto," akasema, "nimekuya kutafuta mulevi mumoja wa Yanonge. Wanasema iko miye."

Karani mkuu, nyuma yangu, aliacha kuandika.

Tonton alinieleza mambo yake bila haraka. Padri wa Yanonge alimwita na kumwomba ampumulie usoni. Akapumua. Padri hakusikia kitu, lakini akasema walevi wa siku hizi wanatafuna majani kuficha harufu. Basi asimame kando kwanza, asifundishe katekisimu mpaka ukweli ujulikane. Watoto aliowafundisha miaka ishirini walikuwa wakimpita njiani wakitazama miguu yake, kuona kama inakwenda sawa. Angerudi na meli ya Jumanne, na alitaka kurudi na jina la mtu aliyeanzisha maneno hayo. Nami nilikuwa mtoto wake aliyesoma, ningemsaidia kutafuta.

Nikasema, "Ndiyo, tonton. Tutatafuta."

Sijivunii sentensi hiyo. Naiandika kwa sababu ndiyo niliyoisema.

Tonton ana akili iliyonyooka. Kama maneno yametoka kwa watu wanaotafuta kuacha bia, alisema, basi tuwaendee hao hao, watatuambia nani alileta jina lake. Nikamwambia haiwezekani, watu hao hawajulikani wanakutana wapi, ni siri kubwa, mtu anaweza kutafuta wiki tatu... Alikuwa ameshatoka nje. Kwenye lango la bandari kulikuwa na mama anayekaanga mikate katika karai la mafuta.

"Mama," tonton akamwuliza, "watu wenye waliacha bia wanakutanaka wapi?"

Mama hakuinua hata macho. Alisema ni mtaa wa Mangobo, kwenye bar ya mlango wa kijani, kesho baada ya misa ya pili, meza kubwa ya ukutani, na mkubwa wao ni yule papa wa kiwanda cha mbao asiyekuwa na kidole kimoja. Kisha akageuza mkate uliokuwa karaini. Ulikuwa bado haujaiva upande wa kwanza.

Bar ya mlango wa kijani ilikuwa bar yangu. Hiyo meza ya ukutani niliijua vizuri. Kwetu, chupa ikiisha haiondolewi mezani. Zinakaa pale zote mpaka wanywaji wainuke, ili kila anayepita aone watu hawa ni watu wa namna gani. Meza yenye chupa mbili ni ya watu wa kuhurumiwa. Ile ya ukutani, kila Jumapili, ilikuwa na chupa zisizopungua ishirini. Mara ngapi nilikaa kona ya pili, nikiwa na zangu nne, nikawatazama wanaume wale nikajifariji kwamba angalau mimi sijafikia pale.

Jumapili tulikwenda. Tonton hakuwa ameingia bar tangu azaliwe. Mlangoni alivua kofia, na mkono wake wa kuume ukapanda mpaka kwenye paji la uso kabla hajakumbuka yuko wapi. Gramafoni ilikuwa inalia. Wanaume wanane walikuwa wamekaa nyuma ya chupa zao kama nyuma ya ukuta.

Mkubwa wao alikuwa mtu mpana, mwenye vidole tisa na sauti ndogo sana. Alipoona tonton anazitazama chupa kwa hofu, alimweleza mambo yalivyo. Watu wanane wakikutana nyumbani kila juma, serikali inataka kujua wana maneno gani, na inataka karatasi ya ruhusa. Watu wanane wakikaa bar hakuna anayewauliza kitu. Lakini meza tupu nayo ni aibu kwa mwenye bar na kwa wao wenyewe, na watu wangewacheka mpaka warudie kunywa kwa hasira. Kwa hiyo mama mwenye bar anawapangia chupa tupu za Jumamosi, na kwenye bilauri anawamiminia chai ya mchaichai, ambayo rangi yake ukiitazama kutoka mbali ni bia kabisa. Nilikuwa nimeitazama kutoka mbali miezi mitano.

Kisha wakasimama wote wanane, wakampigia tonton makofi polepole.

"Papa wa Yanonge," mkubwa akasema. "Tulikuwa tunakungojea."

Mwinjilisti alikuwa amewaeleza. Tonton aliweka mwavuli chini, akasafisha koo kama anavyofanya kabla ya somo, akasema kuna makosa, yeye hanywi. Wakatikisa vichwa kwa upendo. Mmoja, fundi wa baiskeli, alisema hata yeye siku ya kwanza alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Tonton akasema yeye ni katekista. Wakasema ndiyo, hata aliyekuwa pale mwishoni alikuwa mwalimu. Mwalimu akainua mkono kidogo. Tonton akaanza kutoka jasho, na wao wakatazamana, maana jasho nalo wanalijua.

"Sikilizeni," tonton akasema. "Miye sijanywa hata siku moja."

"Bon," akasema mkubwa. "Siku moja si kidogo, papa. Tunaanzaka na hiyo."

Fundi wa baiskeli akafuta machozi. Wakamvutia kiti, wakamwekea bilauri, nami wakaniwekea yangu. Kadiri alivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kumpenda. Nilimwona tonton akigeuka huku na huku kama mtu aliyekamatwa na umati wa jamaa zake kwenye harusi ambayo si yake. Mwisho akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama shahidi wake.

Mkubwa naye akanigeukia. Kwao, alisema, mtu akikataa wanamsikiliza aliyekuja naye, kwa kuwa ndugu ndiye anayeona. "Mutoto, wewe ndiye wa familia. Uliona tonton yako anakunywa?"

Nilishika bilauri yangu ya chai ili nipate kitu cha kufanya, nikaanza kufikiri. Nikisema hapana, watasema namficha. Nikisema ndiyo, tonton hatafundisha tena Yanonge. Nikisema ni mimi, kesho kutwa karani mkuu atajua, na mwezi wa sita bado haujaisha. Lakini labda anajua tayari. Lakini kama anajua mbona hajasema. Lakini pengine swali la baiskeli ndilo lilikuwa kusema. Nilikuwa bado kwenye baiskeli nilipoona macho ya watu wote mezani yameshuka. Hakuna aliyekuwa ananitazama usoni. Walikuwa wanatazama bilauri. Ilikuwa inagonga chupa ya jirani, ting, ting, ting, na chai ilikuwa inamwagika kwenye vidole vyangu. Wanaume wanane waliufahamu mlio ule. Kisha wote wanane wakatazama mkono wa tonton uliolala mezani, umetulia kama jiwe la mtoni.

Wangeweza kunisemea. Nadhani nilingoja wanisemee. Hawakufanya hivyo. Mkubwa alikunja vidole vyake tisa juu ya meza, naye akangoja.

"Iko miye," nikasema.

Ilitoka ndogo sana. Nikarudia, nikamwambia tonton yote: kinyozi, sista, mwinjilisti, mama wa kitambaa cha manjano, muhuri.

Tonton aliinama akaokota mwavuli wake. Nilitarajia kupigwa nao.

"Donc," akasema hatimaye, "nilipumulia padri mu sura, miye mutu muzima, sababu yako."

"Ndiyo, tonton."

"Na akasema ninatafuna majani."

Mwalimu wa mwishoni alianza kucheka, akajaribu kuzuia, ikawa mbaya zaidi. Fundi wa baiskeli akafuata. Tonton aliwatazama kwa ukali wa katekisimu, na ukali ule ukaanza kumponyoka kwenye pembe za mdomo. Alicheka kidogo tu, kwa pua, halafu akaacha ghafla, akanishika mkono ule uliokuwa unatetemeka na kuubana juu ya meza mpaka ukaacha kugonga. Aliniuliza kama nilikuwa nakula. Samaki wanaotumwa na mama, je, nakula? Nikasema mara nyingine. Akamwambia mama mwenye bar alete chakula kama kipo, chochote. Kulikuwa na pondu, yaani kisamvu, na wali. Nilikula mbele yao wote kama mtoto.

Wakati nakula, tonton aliuliza taratibu za meza. Mkubwa alimweleza: mtu mpya anataja saa yake ya kiu, na mmoja wao anakaa naye saa hiyo mpaka ipite. Nikasema yangu ni alfajiri, kabla ya kazi. Wakaanza kupanga nani anakaa karibu na kwangu. Tonton akasema Jumatatu na Jumanne ni zake, meli inaondoka adhuhuri.

Jumatatu alfajiri nilitapika, nikatoka jasho, nikamwambia tonton nakufa. Akasema nife nikiwa nimevaa, tusichelewe. Akanisindikiza mpaka mlango wa ofisi na kukaa pale nje juu ya gunia, na mwavuli wake. Karani mkuu alimtazama kupitia dirishani, akaniuliza yule mzee ana mzigo gani. Nilikuwa nimetayarisha majibu manne. Nikasema, mzigo ni mimi. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema wiki ile ningepanga mafaili, kalamu ningeachana nayo kidogo. Mwisho wa mwezi aliniongezea miezi mitatu ya majaribio.

Siku ya Jumanne, kabla ya kupanda meli, tonton alikataa barua. Nilijitolea kuandika kwa padri, kurasa mbili, kwa Kifaransa. Alisema barua inasomwa na mtu mmoja, na yeye alitazamwa miguu na kijiji kizima. Ningekuja mwenyewe Jumapili ya pili.

Nilikwenda. Njia nzima nilipanga hotuba yenye utangulizi na sehemu tatu. Baada ya misa padri alinipa nafasi, na wanawake wa samaki wote walikuwa mstari wa mbele. Hotuba yote ilinitoka kichwani. Nilisema mlevi ni mimi, tonton hajawahi, na mimi ndiye niliyesema. Kisha nikabaki nimesimama, nikingoja mtu aulize swali. Hakuna aliyeuliza. Mama wa kitambaa cha manjano tu ndiye aliyemwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye siku zote alimwona huyu kijana ana macho mekundu. Jumatatu tonton alirudi kwenye katekisimu yake.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Tangu wakati ule nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa siku nne nikitafuta namna ya kulieleza, na mara ya pili siku moja. Mara zote mbili nilifika kwenye meza ya ukutani Jumapili, nikakaa nyuma ya chupa tupu, nikasema ni mimi. Sikumtaja ndugu yeyote.